Jinsi ya kuhamisha mafaili kutoka hadidiski ya kompyuta ya zamani kwenda kompyuta mpya

Huu mwongozo ni wa yule ambaye kompyuta yake ya zamani imekufa, au inakaribia kufa, au imemchosha tu, na sasa amepata nyingine na anataka vitu vyake vihamie vyote bila kuacha picha za harusi nyuma. Naongelea Windows maana ndo ipo kwenye mashine nyingi huku kwetu, iwe laptopu ya mtumba kutoka Dubai au Uingereza, iwe ile desktopu ya dukani inayokaa chini ya meza imejaa vumbi. Na wengi wanahama kipindi hiki kwa sababu Microsoft walisitisha sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazipandi Windows 11 kihalali, kwahiyo mtu anaamua bora anunue nyingine.

Kabla ya yote shika hili moja: diski ya zamani tunaisoma tu, hatuiandiki. Yaani unakopi, hukati. Ukikati na kupesti Windows inahamisha faili moja na kulifuta kule lilikotoka, inaenda kwa linalofuata, sasa umeme ukikatika katikati au waya ukichomoka unabaki na nusu huku nusu kule na hujui kipi kimefika. Ukikopi, hata likitokea la kutokea, kule kila kitu bado kipo unaanza upya. Usifute, usifomati, usikubali Windows "ikutengenezee" diski mpaka mwisho kabisa. Wanaopoteza data kwenye zoezi hili mara nyingi diski yao ilikuwa nzima, vidole tu ndo vilikuwa na haraka.

1. Kama ya zamani bado inawaka, anza nayo kabla hujashika bisibisi

Kuna vitu ukishachomoa diski huvipati tena kirahisi. Cha kwanza ni paswedi zilizohifadhiwa kwenye Chrome. Zile zinafungwa kwa ufunguo unaotegemea akaunti yako ya Windows kwenye mashine ileile, kwahiyo hata ukikopi folda lote la Chrome kwenda kompyuta mpya bukumaki utaziona lakini paswedi hazitafunguka. Dawa yake ni ama uwashe sinki ya Chrome kwa akaunti yako ya Google, ama uingie sehemu ya paswedi kwenye setingi za Chrome uzitoe kama faili la CSV. Hilo faili mtu yeyote akilifungua anasoma kila kitu, kwahiyo likishaingia kwenye mashine mpya lifute. Wa Firefox wana afadhali, wao wanakopi folda zima la profaili na paswedi zinakuja nazo.

Cha pili ni BitLocker, yaani kufuli ya Windows inayofunga diski nzima, na hapa tafadhali usiruke. Laptopu nyingi za miaka hii zimefungwa diski kwa usimbaji na mwenyewe hajui, maana Windows huiwasha kimyakimya ukiingia na akaunti ya Microsoft. Ukiwa kwenye mashine yake huoni tofauti yoyote, ila ukichomoa diski na kuichomeka kwingine unaulizwa ufunguo wenye tarakimu 48, na bila huo hamna fundi wa kukusaidia. Nenda setingi, tafuta "BitLocker" au "Device encryption" uone kama imewashwa. Kama ndiyo, izime usubiri imalize kabisa kufungua diski, au chukua ufunguo wako kwenye account.microsoft.com/devices/recoverykey ukiingia na akaunti iliyotumika kwenye mashine hiyo. Uandike kwenye karatasi.

Cha tatu ni OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Ukiona mafaili yana alama ya wingu pembeni ujue hayapo kwenye diski, yapo kwenye seva za Microsoft, hapo ni jina tu. Hayo wala huhitaji kuyakopi, ukiingia na akaunti ileile kwenye kompyuta mpya yanakuja yenyewe. Ila hakikisha unaikumbuka paswedi ya hiyo akaunti, na namba ya simu iliyounganishwa nayo bado ni yako, maana watu wetu na kubadili laini mnajuana.

Mwisho piga picha orodha ya programu zilizowekwa, itakusaidia baadaye. Alafu zima kompyuta huku umeshikilia kitufe cha Shift ili izime kweli, maana kuzima kwa kawaida kwenye Windows 10 na 11 mara nyingi kunaacha sehemu ya mfumo imelala tu.

2. Je, ni lazima uchomoe diski?

Hapana. Kama ya zamani inawaka vizuri na mzigo ni GB 20 au 30, fleshi au diski ya nje inatosha, kopi huku pesti kule umemaliza. Angalia tu fleshi isiwe imefomatiwa FAT32, hiyo haipokei faili moja linalozidi GB 4, video ndefu inakataa na ujumbe unaodai faili ni kubwa mno wakati fleshi ina nafasi kibao. Fomati fleshi (fleshi, sio diski yako!) iwe exFAT na tatizo linaisha.

Njia ya kuchomoa inakufaa kama mashine haiwaki, skrini imekufa, inawaka na kuzima, au mzigo ni mkubwa hutaki kuuhamisha mara mbili. Huko ndo tunaenda.

3. Jua una diski ya aina gani, ndo ukanunue waya

Hapa watu wanapoteza hela kwa kununua waya usio sahihi. Fungua kwanza, angalia, piga picha, ndo uende dukani.

SATA ya laptopu ni ile bapa ya inchi 2.5, ina midomo miwili yenye umbo la L, mmoja mfupi mmoja mrefu. Hii ndo iko kwenye laptopu nyingi za mtumba. Inahitaji waya wa SATA kwenda USB tu, umeme inachukua hukohuko kwenye USB.

SATA ya desktopu, inchi 3.5, nzito. Mdomo ni uleule lakini inataka umeme wa volti 12 ambao USB haiutoi, kwahiyo lazima ununue adapta yenye chaja yake ya ukutani. Wengi wananunua ule waya mdogo wa laptopu, wanachomeka, diski haizunguki, wanasema imekufa. Haijafa, ina njaa.

IDE ni ya zamani zaidi, ina safu mbili za pini ndogondogo, 40 kwenye za desktopu na 44 kwenye za laptopu. Zipo adapta zinazobeba IDE na SATA kwa pamoja, kama una makompyuta ya kale ofisini nunua hiyo moja.

M.2 ni kijiti kama pipi ya bapa, kimefungwa na skrubu moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta (motherboard). Hii ina mtego: zipo za SATA na zipo za NVMe na zinafanana. Kwa kawaida yenye mikato miwili mdomoni ni SATA na yenye mkato mmoja upande wenye pini chache ni NVMe, ila soma stika yake uhakikishe kwa sababu kasha la USB la kuchomekea moja sio lazima likubali nyingine.

Alafu kuna laptopu ndogo za bei rahisi za GB 32 au 64 ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye ubao, hiyo haichomoki. Kama yako ni hiyo na haiwaki, tafuta fundi afufue ubao kwanza.

Kwa Dar utapata vitu hivi Kariakoo, Nairobi ni Luthuli Avenue na mitaa ya jirani. Ukifika mwambie muuzaji "waya wa SATA kwenda USB 3" na uangalie mdomo wa USB, mara nyingi wa USB 3 una plastiki ya bluu ndani. Mwombe ajaribu palepale kwa diski yoyote aliyonayo.

4. Kuchomoa

Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, alafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma ambacho hakijapakwa rangi ili umeme tuli mwilini uondoke. Usifanyie kazi hii kwenye zulia.

Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kufungua skrubu. Laptopu nyingi zina skrubu za urefu tofauti, ukirudisha ndefu pa fupi unatoboa kitu upande wa pili. Zipange kwenye karatasi kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Kama betri iko ndani, ukishafungua mfuniko kitu cha kwanza ni kuchomoa mdomo wa betri kwenye ubao kabla hujagusa kingine. Diski ya inchi 2.5 inateleza pembeni kutoka kwenye mdomo wake, au imeshikwa na utepe mwembamba ambao unashika kichwani kwenye plastiki, usiuvute utepe wenyewe.

5. Kuchomeka kwenye kompyuta mpya

Kama ina chaja, washa umeme wa diski kwanza, isubiri izunguke, ndo uchomeke USB. Na utulivu: sikiliza. Mvumo laini ni salama. Kama inagonga tak tak tak kwa mpangilio, chomoa sasa hivi. Hiyo ni shida ya ndani, kila dakika unayoiacha inazunguka inaweza kuwa inajikwaruza. Kama kilichomo ni cha thamani kweli ipeleke kwa wanaofanya uokoaji wa data wenye chumba safi, na usikubali fundi yeyote aifungue mezani kwake kwenye vumbi. Ile habari ya kuiweka kwenye friza pia achana nayo.

Ikitulia, Windows itaipa herufi, tuseme E. Sasa kuna jumbe zinazoweza kutokea na majibu yake ni haya. Ikikwambia unatakiwa kufomati diski kabla ya kuitumia, bonyeza "Cancel". Ikikwambia "Initialize", "Cancel" pia. Ikiomba tarakimu 48, hiyo ndo BitLocker niliyosema. Ikiwa haionekani kabisa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua "Disk Management", ukiiona pale haina herufi ipe herufi. Ukiona imeandikwa "RAW" ujue mpangilio wake umeharibika, usiguse kitu, hiyo ni kazi ya programu za uokoaji.

Kabla ya kukopi ipime afya kwa CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikisema "Good" endelea kwa amani. Ikisema "Caution" tazama mistari ya 05, C5 na C6, hiyo inahesabu sehemu za diski zilizokufa au zinazokufa. Hapo badilisha mpango: kopi kwanza vile ambavyo huwezi kuvipata kwingine duniani, picha za familia, mahesabu, tesisi, ndo vije vingine. Na usiendeshe chkdsk (programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) wala kudefragi diski mgonjwa, vyote vinaichosha na vinaweza kuiandika. Anayeijua Linux atumie ddrescue kutengeneza nakala nzima ya diski kwanza, inachukua sehemu nzima nzima kisha inarudi kwenye mbovu taratibu.

Pia iskani na antivairasi ya Windows yenyewe kabla hujafungua mafolda, hasa kama ilikuwa ya ofisini ambako kila mtu alichomeka fleshi yake.

6. Uchukue nini, uache nini

Usikopi diski nzima. Folda la Windows, "Program Files", pagefile.sys na hiberfil.sys ni mzigo usiokusaidia. Programu hazihami kwa kukopi folda lake, unaweka upya.

Vitu vyako vipo ndani ya E:\Users kwenye folda lenye jina la akaunti yako. Kama ni Windows XP, linaitwa "Documents and Settings". Humo kuna Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Videos na Music. Windows ikisema huna ruhusa ya kufungua bonyeza "Continue" uiache ifanye kazi, kwenye diski kubwa inachukua muda, haijagoma.

Sasa vile ambavyo watu wanavisahau, na hapa ndo kilio kinapotoka miezi mitatu baadaye:

- Partisheni ya pili. Laptopu nyingi mafundi wetu wanazigawa C na D, kwahiyo ukichomeka utaona herufi mbili. Fungua zote.
- Mafolda yaliyowekwa moja kwa moja kwenye C, nje ya Users. Kila ofisi inalo, linaitwa "KAZI MPYA" au "New folder (3)".
- Folda la "Windows.old". Kama kuna fundi aliwahi kupiga Windows upya, mafaili ya zamani yanaweza kuwa yamejificha humo kwenye Users yake.
- Data za programu za mahesabu. QuickBooks faili la kampuni linaishia na .QBW, Tally ina folda lake la "Data". Bila hivi duka halifunguki Jumatatu.
- Barua pepe za Outlook, mafaili ya .pst, mara nyingi yako Documents ndani ya "Outlook Files".
- Folda la AppData, limefichwa, washa kuona vilivyofichwa. Usilikopi lote, chukua unachokijua tu, kama faili linaloitwa "Bookmarks" la Chrome au profaili ya Firefox.

Ukimaliza hapo, simama kwenye E na utafute *.docx, kisha *.xlsx, kisha *.jpg. Utashangaa zinakojificha.

7. Kukopi kwenyewe

Mzigo mdogo buruta na udondoshe. Mzigo mkubwa tumia robocopy, ipo ndani ya Windows tayari, na uzuri wake ikikutana na faili bovu hairushi boksi la kukusubiri ubonyeze wakati wewe umeenda kulala. Fungua Command Prompt kama administreta, andika hivi kwa mstari mmoja, badilisha majina yaendane na yako:

robocopy "E:\Users\Duka" "C:\Zamani\Duka" /E /B /XJ /R:1 /W:1 /LOG:C:\ripoti.txt

/E inachukua mafolda yote ya ndani hata matupu. /B inapita ruhusa za akaunti ya zamani. /XJ ni ya lazima, kwenye Users kuna mafolda ya uongo yanayoelekeza mengine, bila /XJ inaweza kuzunguka humo bila kumaliza. /R:1 na /W:1 maana yake faili likigoma jaribu mara moja tena baada ya sekunde moja ulipite, kwa sababu bila kusema hivyo robocopy imepangwa kujaribu mara milioni moja huku ikisubiri sekunde 30 kila mara, utazeeka. Hii amri itachukua na AppData, kama huitaki ongeza mwishoni /XD AppData. Na ukiona mahali mtu anakushauri /MIR au /MOVE, pita mbali, ya kwanza inafuta vitu unakopeleka, ya pili inafuta unakotoa.

Skrini itakaa kimya kwa sababu kila kitu kinaandikwa kwenye ripoti. Muda? Kwa USB 2 tegemea MB 30 hadi 40 kwa sekunde, kwahiyo GB 200 ni kama saa moja na nusu au zaidi. Kwa USB 3 diski ya kuzunguka inafika karibu MB 100, hiyohiyo ni nusu saa na kidogo. Ila mafaili madogo madogo maelfu yanapunguza spidi vibaya, usiogope ikichukua mara mbili.

Kabla hujabonyeza Enter angalia LUKU ina yuniti, chomeka chaja, zima kulala kwa kompyuta kwenye setingi za umeme, na uweke diski sehemu ambayo mtoto au paka hatapita na waya.

8. Hakiki, na hakiki maana yake kufungua

Fungua ripoti.txt uende mwisho kabisa, kuna jedwali lenye safu ya "FAILED". Ikiwa sifuri, vizuri. Ikiwa na namba, rudi juu utafute neno ERROR uone ni mafaili gani. Kisha bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye folda, "Properties", pande zote mbili, ulinganishe idadi ya mafaili. Zikipishana kidogo kwa sababu ya vilivyofichwa sawa, zikipishana kwa maelfu kuna kitu umekiruka.

Alafu fungua mafaili yenyewe. Picha ya zamani zaidi, video ndefu kuliko zote itazame katikati na mwisho, Excel ya mahesabu, faili la QuickBooks ndani ya QuickBooks. Faili linaweza kuwa na jina na ukubwa sahihi na ndani likawa takataka, hasa likitoka diski mgonjwa.

Ukiridhika ndo unahamisha kutoka C:\Zamani kwenda Documents na Pictures za akaunti mpya. Programu shusha upya kwenye tovuti za wenyewe. Microsoft Office yenye leseni kwenye akaunti yako ya Microsoft, unaingia tu. Zile zilizokrakiwa zisikufuate kwenye mashine mpya, huko ndo virusi vinapandia.

Kama lengo lako ni kubadilisha diski kuwa SSD (diski isiyozunguka) ndani ya kompyuta ileile, huna haja ya haya yote, fanya kloni, yaani nakala kamili ya diski, kwa Clonezilla, programu ya bure, SSD iwe na ukubwa sawa au zaidi ya diski ya zamani. Kuhamisha Windows nzima kwenda mashine tofauti sikushauri, madraiva yanagombana na leseni iliyokuja na mashine ya kwanza imefungwa kwenye ubao wake.

9. Diski ya zamani

Iweke kabatini miezi miwili mitatu, andika juu yake kwa maka pen ni ya nini. Usiitumie, usiikopeshe. Ukipita mzunguko mzima wa kazi zako, umefunga mahesabu ya mwezi, umechapa ripoti, hujakosa kitu, ndo uamue. Ikiwa nzima inafaa kuwa diski ya bakapu, ambayo kwa kweli hukuwa nayo.

Ukitaka kuiuza usiifomati ile ya haraka, programu za uokoaji zinarudisha vitu kwa dakika chache. Ya kuzunguka ifomati ukiwa umeondoa tiki kwenye "Quick Format", itapita diski nzima ikiandika sifuri, iache usiku kucha. SSD hiyo njia haiaminiki, tumia programu ya kampuni iliyoitengeneza, sehemu ya "Secure Erase". Na ile iliyokuwa inagonga, kama huna mpango wa kuipeleka uokoaji, itoboe kwa drili katikati ya sahani zake kabla ya kumpa mtu wa vyuma chakavu.